Sauti Yake, Maneno Yangu

Mjini, 6 Februari

Ndugu yangu Fundi Meno,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kikohozi cha studio hakiniachi. Kazi ni ile ile ya kusoma matangazo redioni: nani amefariki, nani amepoteza kitambulisho, mkutano wa wazazi umesogezwa mpaka lini. Watu wamenizoea kwa misiba. Mwenye nyumba wangu anasema hata nikimsalimia asubuhi anahisi kuna mtu kafa.

Nakumbuka Jumapili zetu za sinema. Huku naingia peke yangu, na nikitoka sina wa kubishana naye. Wenzangu kazini ukiwauliza kuhusu picha wanakuambia viti vilikuwa vigumu. Wewe ungenishika shati mpaka kituoni ukinieleza kwa nini yule mwanamke hakupaswa kufungua mlango.

Basi niandikie. Andika kama unavyoongea, usinitungie insha. Anza na picha za kutisha, maana sisi tulipokuwa tunajificha nyuma ya viti wewe ulikuwa unacheka, na hukuwahi kunieleza ulikuwa unacheka nini.

Msalimie shemeji. Chiriku mwambie baba yake mdogo anamtafutia kalamu nzuri ya mitihani.

Wako,
Kipaza

*

Karakana, 19 Februari

Kipaza,

Barua yako ilinikuta natengeneza meno ya bandia, taya za watu mezani, plasta mpaka kwenye nyusi. Mke wangu aliipokea kwa tarishi akaniletea karakana pamoja na chakula cha mchana. Alisema kwa utani wake ule ule, "Mke mwenzangu kaandika," akaketi pembeni nimsomee.

Picha za kutisha. Kinachonichekesha ni ile nyumba. Familia imepata jumba kubwa kwa bei ya kutupa, ukuta unatoka damu, na hawahami. Mimi bomba la jikoni likivuja wiki moja tu nakosana na mwenye nyumba. Wao wanasikia mtoto anatembea darini, na mtoto hawana, wanasema labda upepo. Nitaachaje kucheka? Lakini kuna kitu kinanitisha, nacho hakina damu. Ni pale watu wamekaa mezani wanakula, wanapitishiana chumvi, na mmoja wao anajua jambo ambalo wengine hawalijui. Muziki ukishaanza na kisu kikitoka, mimi nishapona.

Picha za vita siziwezi kwa sababu ya yule anayekufa nyuma. Shujaa akipigwa risasi anapewa muda wa kutosha: anaaga, anamtaja mchumba, anavua saa anamkabidhi rafiki. Yule wa nyuma anaanguka kama gunia la mkaa na hakuna anayegeuka. Watu wote wanamlilia shujaa, mimi nimeshika kichwa nawaza yule ni mtoto wa nani. Halafu meno. Askari kakaa handakini tangu masika, hajaona maji, akitabasamu meno meupe kama sahani za sherehe. Nani aliyempigia mswaki?

Za mapenzi, usinicheke, nazipenda, ila sizipendi mwanzo. Kugongana, vitabu kuanguka, wote wawili kuinama wakagusana vidole, hayo waachie vijana. Mimi nataka picha ianze pale nyingine zinapoishia. Wameoana, kitasa kimeharibika, mmoja anakoroma. Tuliona moja mwezi uliopita. Mume kakosa, katoka, karudi jioni kasimama mlangoni kama mgeni. Mke hakumwambia kitu ila, "Umekula?" Kwa namna alivyouliza ukajua yameisha. Vijana walipiga miluzi, wanataka ngumi. Mimi machozi. Mke wangu alinipa leso bila hata kunigeukia.

Chiriku yuko vizuri, anaongea mpaka akilala. Mwaka huu anafanya mtihani wa mwisho wa sekondari.

Wako wa siku zote,
Fundi

*

Mjini, 3 Machi

Fundi,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu ofisini mpaka katibu akaja kuniangalia. Nimeirudia tena na tena. Una kipaji, ndugu yangu, na unakitumia kuchonga magego.

Nataka nyingine. Niambie za polisi na za kuchekesha. Na kuna jambo moja limekuwa likinisumbua tangu miaka yetu ya mwisho ya pamoja huko. Picha za familia, zile za baba na mama na mtoto, kwa nini huzimalizi? Uliniacha ukumbini mara ngapi? Unainuka katikati, unasema tumbo, nakukuta nje umekaa kwenye ngazi, tumbo haliumi. Nieleze.

Wako,
Kipaza

*

Karakana, 15 Machi

Kipaza,

Za polisi nina ugomvi nazo mmoja. Mpelelezi anaingia chumbani, anatazama kikombe kimoja, anajua yote. Nyumbani kwangu akiingia mpelelezi atazame vikombe atapata kichaa. Mke wangu anakunywa nusu anasahau, Chiriku anachukua kikombe cha mama yake, mimi natumia cha juzi. Nyumba ya watu wanaoishi haitoi ushahidi. Ninachokipenda ni mhalifu anapohojiwa. Tazama midomo yake. Mtu anayesema uongo anaficha meno ya chini, hiyo nimeiona kazini kwa wateja wanaoniapia kwamba wanapiga mswaki mara mbili.

Za kuchekesha ndizo ngumu kuliko zote na hazipewi heshima. Mtu akiteleza nacheka, akiteleza tena nacheka kidogo. Lakini akiinuka, akajifuta, akaangalia kama kuna aliyemwona, hapo ndipo napasuka mbavu, kwa sababu huyo ni mimi.

Hilo la picha za familia liache.

Sasa sikiliza kituko. Jana mteja mmoja, bibi ninayemtengenezea seti ya meno ya juu, ananiambia tangu wajenge mlingoti mpya redio yenu inafika kwetu, na kwamba kuna kipindi cha sinema, mtangazaji anachekesha sana. Akanirudia maneno: familia inaishi kwenye nyumba inayotoka damu na wewe unagombana kwa sababu ya bomba. Nilibaki na kijiko cha plasta hewani. Nikajiambia mzaha una miguu, unatembea. Ila hebu niulizie. Kama kuna mtu hapo anafikiri kama mimi, nisalimie huyo, nitampenda bure.

Fundi

*

Mjini, 24 Machi

Fundi,

Kuhusu kipindi, usijali. Ni kijana mmoja mgeni hapa. Nadhani nilisimulia mzaha wako mezani wakati wa chai naye akaudaka. Nimemwambia asirudie. Vijana wa siku hizi.

Lakini umeniumiza kidogo na lile la kusema niache. Mke wangu aliponikimbia nilikuja kulia kwenu, kwenye kochi lenu, mbele yako na mbele ya shemeji. Sikukuficha hata lile la aibu. Wewe una chumba umekifunga miaka yote na mimi nimesimama mlangoni. Sikulazimishi. Najiuliza tu kama urafiki huu ni wa pande mbili.

Wako, kama bado ni wako,
Kipaza

*

Karakana, 7 Aprili

Kipaza,

Umenishinda. Naiandika barua hii karakana nikiwa nimefunga mlango, wateja wanadhani nimekwenda benki.

Zile picha unazijua zinavyokwenda. Mtoto amekua. Siku ya harusi, au ya mazishi, anatokea mgeni mlangoni. Kimya. Kisha mtu anasema, huyu siye baba yako. Vinanda vinalia, mama anaanguka, mtoto anakimbilia mvuani. Ukumbi mzima unashika kifua. Mimi naondoka.

Chiriku alipokuwa mdogo, hajaanza hata shule ya chekechea, tulitaka mtoto wa pili na hakuja. Nilikwenda hospitali peke yangu, mke wangu akidhani niko kazini. Daktari akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unanicheka mashavu. Akasema hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwamba sina uwezo wa kuzaa na tangu nibalehe sijawahi kuwa nao. Nikamwambia nina binti nyumbani. Alinitazama, akafunga faili, akasema, "Mungu ni mwema." Alikuwa mtu muungwana.

Nilitoka nikatembea tu. Nilikuja kujitambua niko kwenye duka la viatu nalipia viatu vyekundu vya mtoto, vikubwa, kwa sababu sikuweza kukumbuka mguu wake ni wa ukubwa gani. Nikarudi navyo. Chiriku alivivaa hapo hapo akawa anaviburuta sebuleni kama bata, anacheka, na mke wangu ananisema nimetupa pesa. Nikawatazama wote wawili. Nikaona hapana, mimi sina pa kukimbilia mvuani. Nyumbani ndipo hapa.

Sikumuuliza mke wangu. Sijui ni nani na sitaki kujua. Nilimwambia daktari amesema tusubiri, na tumesubiri mpaka mvi. Hajui kwamba najua. Chiriku hajui lolote.

Sijui kama huo ni wema au ni woga tu. Ninachojua ni kwamba siwezi kukaa kwenye kiti nimtazame mwigizaji anapasua kwa sentensi moja kitu ambacho mimi nimekishona kila siku kwa mkono. Wanaoandika picha hizo wanaamini ukweli ukishasemwa watu wanakuwa huru. Mimi naamini kuna ukweli ambao kazi yake ni kukaa kimya na kununua viatu.

Umetaka pande mbili, umezipata. Isome kisha uichane. Hii si ya mezani kwenu wakati wa chai.

Fundi

*

Mjini, 30 Aprili

Ndugu yangu,

Nimeisoma nimekaa. Wewe ni mwanamume kuliko wote ninaowajua. Nimeichana kama ulivyosema, vipande vidogo.

Mimi huku nimepandishwa cheo kidogo. Nitakueleza mambo yakitulia.

Wako daima,
Kipaza

*

Karakana, 19 Mei

Kipaza,

Jumamosi tulikusikia. Sauti yako, maneno yangu, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Sina la kuandika leo.

Fundi

*

Mjini, 25 Mei

Fundi, ndugu yangu,

Una haki ya kukasirika, na ningekasirika pia. Ukweli ni kwamba kipindi ni changu. Hakuna kijana mgeni. Mwaka jana walinipa nafasi ya majaribio, robo saa, na mimi kwenye mikrofoni bila karatasi ya kusoma ni bubu. Nikasoma kipande cha barua yako ya zamani. Simu zikalia. Mkurugenzi akanipa nusu saa. Nikawa nakuomba barua nyingine, na kila nilipotaka kukuambia niliona aibu, kisha nikazoea kuiona aibu.

Najua ni kipaji chako nimekivaa kama koti la kuazima. Ila nimeshalirekebisha. Kabla hata barua yako haijakauka mkononi mwangu, Jumamosi hii nimesimama hewani nikasema wazi: maoni yote mazuri mliyoyasikia kwenye kipindi hiki si yangu, ni ya rafiki yangu wa utotoni, Fundi Meno, mwenye karakana nyuma ya soko la zamani, na aliye karibu aende akamwone. Nimekupa heshima yako yote. Wateja utawafukuza kwa fimbo.

Nijibu upesi uniambie umenisamehe.

Kipaza

*

Karakana, 3 Juni

Kipaza,

Nitakueleza taratibu, maana inaonekana hujui ulichofanya. Au unajua na unataka nikusaidie usijue.

Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa sebuleni baada ya chakula. Mke wangu anapiga pasi sare za Chiriku, Chiriku kalala chini na hesabu zake. Jirani alikuwa ametuambia tufungue redio, kuna kipindi kinachomfaa Fundi. Mke wangu ndiye aliyezungusha kitufe. Aliposikia ni wewe alifurahi. Alisema, mke mwenzangu huyo, kumbe kapewa kipindi hata hasemi. Alimwambia Chiriku anyamaze amsikie baba yake mdogo. Nilivuta kiti karibu. Tulijivunia wewe, nataka hilo ulijue.

Nikamsikia yule anayekufa nyuma. Nikasikia meno ya askari. Chiriku akacheka akasema, "Baba, anaongea kama wewe." Hata hapo sikuumia. Nilijisikia kama mtu aliyejiona kwenye kioo dukani, anashangaa tu.

Kisha ukashusha sauti. Unajua kuishusha, misiba imekufundisha. Ukasema una rafiki, fundi wa mikono, na una siri yake ambayo hujawahi kumwambia mtu. Ukasema kuhusu daktari na faili. Ukafika kwenye viatu vyekundu.

Mke wangu aliisimamisha pasi wima. Hakufanya kingine. Aliikumbuka siku ile, na viatu vile viko kwenye boksi juu ya kabati mpaka leo, hatujawahi kuvitoa. Chiriku akasema, mama, si mimi nilikuwa na viatu vya, halafu akaacha mwenyewe. Unamjua akili zake. Aliokota daftari lake akaenda chumbani akafunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Nilizima redio. Mke wangu alikaa. Nilitegemea atalia, au atakana. Alisema, "Umemwambia yeye."

Nikaanza kueleza. Akaniambia nisubiri. Alisema tangu siku ya ndoa kila nikichelewa kurudi amekuwa akiwaza, leo amejua, leo harudi. Kwamba alipoolewa nami hakuwa na uhakika mimba ni ya nani, akaomba Mungu iwe yangu, akaishi na ombi hilo. Kwamba dada zangu walipomsema tumbo lake limefunga, walimsema mbele yangu, na mimi nikijua lililofunga ni langu nikanyamaza nikala. "Ulikuwa unajua, ukaniacha nibebe," alisema. "Na ulipochoka kubeba wewe, ukaenda kumpa yeye."

Nilijiona kwenye hadithi yangu kama mtu mwema. Kumbe ilikuwa hadithi yangu tu, yeye hakuwemo.

Hata hivyo huenda tungelimaliza sisi wenyewe, nyumbani. Majirani walisikia fundi, mafundi ni wengi. Lakini Jumamosi iliyofuata ukanitaja. Jina langu la kazi, mtaa wangu. Ukaiita heshima. Jumatatu akaja mtu hana tatizo la jino lolote, alikuja kunitazama. Shuleni mwalimu mmoja alimwita Chiriku mbele ya darasa zima ampe pole. Mke wangu alikunja nguo zake akaenda kwa dada yake. Chiriku amebaki kwa sababu ya mitihani. Anakwenda, anarudi, anapika, anasoma. Haongei. Nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia mtungi ukidondosha maji.

Ningekusamehe maneno. Maneno niliyapenda lakini sikuwa na kazi nayo, ungeniomba ningekupa yote bure. Lakini yale uliyonitoa kwa machozi ya urafiki, ukisema nimekufungia mlango, ndiyo uliyokwenda kuyauza. Na uliniambia umeichana, vipande vidogo. Ulikaa chini ukaandika kwamba ni vidogo.

Fundi

*

Mjini, 12 Juni

Fundi,

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Nisikilize kidogo.

Sikuichana kwa sababu sikuweza. Ilikuwa kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Mkurugenzi alitaka kipindi cha pekee kuhusu picha za familia, nikajaribu kuandika changu, kikawa maji. Nilijua mlingoti unafika kwenu. Nilijiambia shemeji hasikilizi redio Jumamosi. Nilijiambia nimeficha majina. Nilijiambia mengi.

Barua za wasikilizaji zimejaa kikapu. Kuna mwanamume ameandika kwamba baada ya kusikia amerudi nyumbani kwa mwanawe. Hilo si kitu?

Nimepata njia ya kurekebisha. Jumamosi ya wiki ijayo nitatangaza kwamba ile ilikuwa hadithi ya kubuni, kwamba mimi niliitunga kuonyesha jinsi picha zinavyoandikwa, na Fundi Meno nilimtaja kwa utani tu. Watu watasahau. Shemeji atarudi. Mwambie mwanangu Chiriku kwamba baba yake mdogo atayasafisha yote, na kama ana shida yoyote ya shule aniambie.

Kipaza

*

Nyumbani, 17 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo.

Baba ameisoma barua yako akaiacha mezani na kurudi kazini, kwa hiyo najibu mimi. Naipeleka posta mwenyewe ili ifike kabla ya Jumamosi.

Usitangaze kwamba ilikuwa hadithi ya kubuni. Nimeliwaza sana hili. Siku ile nilipofunga mlango nilifikiri nimenyang'anywa baba. Nilikaa siku nyingi nikijitazama pua kwenye kioo. Kisha nikakumbuka kitu ulichokisema wewe hewani bila hata kukielewa: kwamba alijua. Alijua nilipokuwa naburuta vile viatu. Alijua aliponifundisha baiskeli, na aliponilaza kwenye benchi la karakana nilipokuwa na homa akawa ananipepea kwa kifuniko cha boksi huku mteja anangoja. Wasichana wenzangu wana baba kwa sababu ilitokea hivyo. Mimi wangu alipewa nafasi ya kuondoka, hakuondoka. Ukisema redioni ni uongo, utanichukulia na hicho. Umeshachukua vya kutosha.

Nilimwendea karakana nikamuuliza wazi, wewe ni baba yangu? Alikuwa anasugua jino kwa msasa. Hakuacha kusugua. Alisema, "Niulize na kesho. Niulize kila siku ukitaka." Nimekuwa nikimuuliza. Anajibu kila siku.

Lakini usidhani mambo yameisha vizuri ukaja kuyasimulia. Mama yuko kwa mama mkubwa na nikimtembelea hanitazami machoni, mimi, ambaye sijamkosea. Baba hali chakula. Juzi nilimkuta amesimama nje ya ukumbi wa sinema anatazama matangazo ya ukutani, mikono mfukoni, kama mtu aliyefukuzwa kazi mahali pale. Nilimwambia tuingie. Alisema akiingia ataanza kukuandikia kichwani, hajui kutazama kwa namna nyingine.

Mimi nilikusikiliza Jumamosi iliyopita. Nilitaka kujua utasema nini sasa. Ulisema picha ya wiki hii ni nzuri sana na waigizaji wamejitahidi. Kisha ukapiga muziki mpaka mwisho.

Shida ya shule sina. Kalamu uliyotuma nimempa msichana wa jirani. Naomba usiniite mwanangu hewani, wala kwenye barua.

Mimi,
binti wa Fundi Meno

*

Karakana, 9 Agosti

Kipaza,

Barua zako zimefika zote. Nimefungua moja, ya mwisho. Unasema kipindi wamekiondoa na umerudishwa kwenye matangazo ya misiba. Unaomba msamaha, naamini unaomba kweli. Kisha mwishoni kabisa, chini ya jina lako, umeniuliza siku hizi nimeona picha gani. Nimeusoma mstari ule mara nyingi. Sijui kama ni mazoea tu au bado una njaa. Kwamba sijui, hiyo ndiyo taabu yangu na wewe.

Mke wangu alirudi mwezi uliopita. Hakurudi chumbani kwetu, analala na Chiriku. Tunaongea kuliko tulivyowahi kuongea, na mengi yake hayapendezi kusikia. Amenitajia jina la yule mtu. Miaka yote nilijisifu kwamba sitaki kulijua. Nilitaka. Sasa ninalo, na linakaa nami mezani kama mgeni asiye na haraka. Sijui tutafika wapi. Kuna asubuhi ananitengea chai, kuna asubuhi haitengi.

Jumapili aliniambia twende sinema, wote watatu. Alichagua yeye, mimi sikuulizwa. Tulikaa Chiriku katikati. Nilikaa mpaka taa zikawaka. Njiani mke wangu akasema yule mwanamume alistahili kuachwa, Chiriku akasema hapana, mimi nikashika upande wangu, na tulibishana mpaka tukaipita nyumba yetu bila kujua, ikabidi tugeuze.

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu picha ile, na niliyasema yote, pale pale barabarani, kwa waliokuwepo.

Fundi